Mikidadi na Firigisi ya Posa

Zamani za Mdachi, reli ilipokwisha kufika Morogoro na kila jumbe akaambiwa atoe vijana wa kwenda shule, kijiji cha Kinole kilimtoa Mikidadi. Hawakumtoa kwa sababu alikuwa na akili kuliko wenzake. Siku ile jumbe alipokuja kuchagua, vijana wengine wote walikuwa wamejichimbia migombani, naye peke yake alikuwa amelala uani, mdomo wazi.

Alikwenda mjini ananukia moshi wa kuni kama watu wengine. Alirudi ananuka.

Wala si jasho, maana jasho ni la kila mtu. Mikidadi alinuka kama kitu kilichosahauliwa mvunguni tangu mazishi ya babu. Akipita sokoni Morogoro, mbwa walimfuata kwa adabu, wakimtazama viganja kama ataangusha kitu. Nzi walimjua kwa jina.

Yote yalitokana na mwalimu wake. Alikuwa Mdachi mmoja mrefu, jina lake la kwao linakwaruza koo, basi wanafunzi wakamwita Bwana Ngozi. Serikali ilimleta afundishe kusoma na hesabu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vitu vilivyokufa. Alitaka kila kiumbe cha milima ya Uluguru, chenye mkia na kisicho na mkia, kichunwe, kijazwe pamba na kipelekwe Ulaya. Huko, eti, kuna nyumba kubwa kuliko boma, watu wazima wanaingia, wanavua kofia, wanasimama kimya kutazama panya. Panya mfu. Halafu wanarudi kwao wakiwa wameridhika.

Basi asubuhi herufi, baada ya herufi hesabu, kisha mlango unafungwa na visu vidogo vinatolewa. Na jua likianza kushuka kila mwanafunzi anapewa kazi ya kwenda nayo nyumbani. Wenzetu wa siku hizi wanalalamika wakipewa kalamu. Mikidadi alipewa panya buku, aliyekwisha kuvimba, arudi kesho na ngozi yake isiyo na tundu hata la kupita punje ya mchele. Akipasua, viboko. Juma lililofuata alipewa popo wa kuchemsha kwenye debe mpaka mifupa ijitenge na nyama, na mchuzi wake haumwagwi ovyo, unachujwa kwa kitambaa ili vidole vidogo visipotee. Halafu akapewa kichwa cha nyani ndani ya sanduku, pamoja na mabuu wa kukila. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wale mabuu wasife.

Sanduku lile aliliweka chini ya kitanda. Alikuwa amepanga chumba kwa mzee mmoja karibu na mto, mtu mpole. Kwanza walihama wapangaji wengine. Kisha wakahama kuku. Mwisho mwenye nyumba akahama nyumba yake mwenyewe, akawa anakuja mara mojamoja kuitazama kutoka ng'ambo.

Msidhani Mikidadi aliyapenda mambo hayo. Miezi ya mwanzo tumbo lake halikukubali kitu. Alikonda mpaka kanzu ikawa inatembea peke yake, yeye anaifuata kwa nyuma. Lakini kutoroka hakukuwezekana; mwanafunzi aliyetoroka alirudishwa na askari, na jumbe wake akachapwa pamoja naye. Basi akakaa. Na mtu akikaa sana mahali atajifunza tu, hata kama hataki. Siku aliyomaliza, Bwana Ngozi alimpa mkono mbele ya shule nzima, akamzawadia kibano cha chuma cheupe, chembamba kama mdomo wa ndege chozi, akasema huyu ndiye mwanafunzi bora aliyepata kumfundisha. Wenzake walipiga makofi, wakiwa wamesimama mbali kidogo.

Njiani akirudi kwao mlimani, Mikidadi aliketi kwenye jiwe kando ya kijito, akasugua mikono. Alianza na mchanga, akaja na majivu, akaja na ndimu. Huku anasugua anawaza: miaka yote ile nimepata nini? Kusoma anajua, lakini Kinole hakukuwa na kitu cha kusoma. Hesabu anajua, lakini hesabu zote zilikuwa za popo. Kilichobaki kilikuwa mikononi, na mikono ndiyo alikuwa anajaribu kuisafisha. Akanusa vidole. Akatema mate. Akaanza tena na mchanga.

Alikuwa na sababu ya kusugua namna ile. Alikuwa anakwenda kuposa.

Binti mwenyewe ni Mwanaheri, msichana mwenye ulimi wa kumenya ndizi. Walipendana kabla ya shule, na alimngoja. Salamu aliyompelekea ilikuwa fupi: "Mwambieni bado namtaka. Ila apite kwa mjomba kwanza. Na aoge kabla ya kupita."

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo neno la mwisho halikuwa la baba yake Mwanaheri, lilikuwa la mjomba wake, mzee Hatibu. Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mposaji anakaribishwa chakula, anakaa sinia moja na mjomba, na juu ya wali panakuwa na firigisi ya kuku. Mjomba akimtaka kijana, anaigawa firigisi, nusu anampa kwa mkono wake, wanakula pamoja, mambo yamekwisha. Asipomtaka, anaila peke yake, yote. Hapo kijana anashukuru kwa chakula na kushuka mlima. Hakuna rufaa.

Tena mbele ya firigisi ile hakuna uongo. Bi Mosi, mama yake Hatibu, bibi yake Mwanaheri, alimweleza Mikidadi jambo hilo pale mlangoni, hata kabla hajavua viatu.

"Karibu, mume wangu," alisema, maana bibi ana haki ya kumwita hivyo mchumba wa mjukuu wake. "Nimekungoja mpaka nimeng'oka meno. Umesikia habari za yule wa Matombo?"

"Shikamoo bibi. Sijasikia."

"Marahaba. Alikuja kuposa hapa mwaka wa nzige. Akamwambia mjomba wangu ana shamba la mpunga linakwenda mpaka Ruvu. Hana hata kijaruba. Firigisi ikamgeukia kooni, haipandi haishuki. Kulipopambazuka ikawika."

"Ikawika?"

"Kama jogoo. Ikamwikia kooni kila alfajiri mpaka mtu wa watu akazikwa. Na mazishini ikawika. Pita ndani, mume wangu, usiogope."

Mikidadi akapita ndani, akiwa anaogopa.

Mshenga wake alikuwa Yunusi, ndugu wa mama yake, mtu wa maneno machache yaliyopangwa vizuri. Walipokuwa wanakaa mkekani alimnong'oneza: "Sema kusoma, sema hesabu, nyamaza. Mengine niachie mimi."

Ingekuwa hivyo, hadithi ingeishia hapa. Lakini mzee Hatibu alikuwa hasikii. Tangu mwanzo wa masika sikio moja lilikuwa limeziba, na la pili lilikuwa bovu tangu utoto, alipopigwa teke na punda wa Mwarabu. Watu walisema ni uzee. Wengine walisema ni mizimu ya mlimani, ameiudhi kwa jambo fulani. Na tangu masika hayo nyumbani kwake kulikuwa na harufu. Mtu mdogo hamwambii mjomba wake kwamba ananuka, basi kila mtu alijitafutia upande upepo unakotokea, akakaa huko, na Mwanaheri akawa anachoma ubani kutwa kama kuna maiti. Kwa bahati, ukoo mzima ulidhani harufu ya siku ile imeletwa na mposaji.

"Shikamoo mjomba," alisema Mikidadi.

Hatibu alimtazama midomo. "Ongea kama mwanamume."

Mikidadi akapaza sauti, na mjomba akapokea. Sinia likawekwa. Wali wa mlimani, mwekundu kidogo, kuku mzima kwenye mchuzi, na firigisi pale juu katikati, peke yake, kama mtu wa serikali. Wazee wengine wa ukoo wakajisogeza, maana nao wana haki ya sinia. Nje, wanawake walikuwa wanatwanga, na ng'ambo ya bonde watu walikuwa wanapalilia.

"Nimesikia ulikuwa shule ya Mdachi," alisema Hatibu. "Imekupa nini?"

"Kusoma, mjomba," alisema Mikidadi kwa sauti kubwa.

"Kusoma ni macho. Mwanaheri hatakula macho yako. Mikono imejifunza nini?"

Yunusi akaingilia: "Mikono yake, mzee, imejifunza kazi nyingi za—"

"Wewe sikusikii na sijakuuliza. Aseme mwenyewe."

Mikidadi akaitazama firigisi. Ilikuwa inang'aa kwa mafuta, na yeye akaona kabisa namna inavyoweza kuwika. Akajibu polepole.

"Paza sauti," alisema Hatibu.

"Kuchuna ngozi, mjomba."

Sauti ilivuka bonde, ikapiga mlima wa pili, ikarudi: ngozi, ngozi.

"Ngozi ya nini?"

"Ya panya."

Nje, michi ikanyamaza.

"Panya," alisema Hatibu, akitafakari. "Halafu nyama yake?"

"Naitupa. Ngozi naipaka sumu, naijaza pamba, namshona tumbo, namrudishia macho."

"Macho yake?"

"Hapana, mjomba. Yake yanakuwa yameoza. Namwekea shanga."

Mzee aliyekuwa ameshika paja la kuku akalirudisha kwenye mchuzi taratibu, akajifuta vidole kwenye mkeka.

"Na nini tena?"

Yunusi alimfinya Mikidadi pajani. Mikidadi akalikumbuka koo la yule wa Matombo. "Kuchemsha popo," alisema, na mlima wa pili nao ukasema. "Ukichemsha sana mifupa inalegea, ukichemsha kidogo nyama inang'ang'ania kwenye mbawa, inabidi uivute kwa kucha. Na mabuu. Najua kuwafuga mabuu, mjomba. Wakishiba ni wavivu. Wakae na njaa kidogo, hapo wanasafisha fuvu mpaka ndani ya pua."

Mtu mmoja aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Walimsikia huko. Mwingine akaenda kumtazama, naye hakurudi. Ng'ambo, wapaliliaji walikuwa wameweka majembe chini wamekaa kusikiliza, na mmoja wao akapiga kelele kuuliza nyani je, anafanywaje.

"Asimjibu," alisema Yunusi. "Jamani, asimjibu."

"Mume wangu," alisema Bi Mosi kutoka mlangoni, "ile shule wanafundisha Wazungu au fisi?"

"Mwache aseme," alisema Hatibu. "Tangu masika sijasikia mtu vizuri hivi."

Mikidadi akasema yote. Alisema namna ya kutoa ubongo kwa kijiti bila kuvunja fuvu, na namna ya kunyoosha miguu ya mdudu aliyekauka, na namna pua yake ilivyofundishwa kunusa kitu tu ikajua ni mnyama gani na amekufa lini. Alipomaliza, kwenye mkeka walikuwa wamebaki watatu: Hatibu, yeye, na Yunusi aliyekaa ameshika fimbo yake tayari kwa safari. Kutoka chumbani Mwanaheri alisikika akisema, si kwa sauti ndogo, "Na mimi nilimngoja huyu."

Neno hilo lilimchoma Mikidadi kuliko viboko vyote vya shule. Alitazama mikono yake juu ya magoti, misafi kabisa, imebabuka kwa ndimu, akaichukia. Akamchukia Bwana Ngozi na pamba yake. Kwa nini hawakumfundisha useremala? Kwa nini hata siku moja hakupewa kazi ya nyumbani ambayo mtu anaweza kuitaja mbele ya chakula?

Hatibu akanyoosha mkono, akaichukua firigisi. Hakuigawa.

"Kijana, hukunidanganya, na hilo nalishukuru," alisema. "Lakini mkono ule uliokuwa ndani ya nyani, nikae nao sinia moja mpaka nife? Mimi ni mtu mzima. Nina tumbo."

Akainama mbele apate kuila vizuri, na alipoinama, sikio lake lililoziba likafika karibu na uso wa Mikidadi.

Pua ya Mikidadi ikafanya kazi kabla yeye mwenyewe hajaamua. Haikuwa harufu ya uzee, wala mizimu. Ilikuwa mbawakavu, mweusi, wa kwenye kinyesi cha ng'ombe, aliyekufa mwanzo wa masika.

"Mjomba, usile kwanza," alisema. "Una mdudu amekufa sikioni."

Alikuwa amekwisha kuzoea kupaza sauti, na mlima wa pili haukumficha: sikioni, sikioni.

Yunusi alisimama, akaanza kutafuta viatu. Ukoo mzima uliokuwa uani ulishika mdomo, maana kumwambia mjomba maneno hayo, tena mposaji, ni kutafuta kurogwa wewe na kizazi chako. Hatibu aligeuka rangi. Akamwita mama yake. Kwa sauti ya mtoto aliyeonewa akamwuliza, "Ati nanuka?"

Bi Mosi akaja mpaka karibu, akaketi, akamwinamia. "Mwanangu, unanuka mpaka mbu wamehama. Nimekwambia tangu mahindi yakiwa machanga."

"Sikukusikia."

"Nilikwambia polepole. Mtu anapigaje kelele jambo kama hilo?"

Hatibu akairudisha firigisi kwenye sinia, akalaza kichwa juu ya goti la mama yake, mzee mwenye ndevu nyeupe, akasema, "Kitoe."

Mikidadi akaomba mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto kidogo. Akayamimina sikioni, akangoja, akatoa kibano mfukoni. Kilichofuata wengi wa Kinole hawakukitazama, lakini wote wanakisimulia. Kwanza ulitoka usaha, rangi ya kisamvu kilicholala. Kisha nta, nyeusi, bonge kama la mshonaji viatu. Harufu ilipofunguka, jogoo aliyekuwa juu ya paa alianguka, na Bi Mosi aliapa kwamba hakuwika tena maisha yake. Mikidadi hakupepesa macho. Aliingiza kibano polepole, akahisi ganda, akakumbuka kwamba ukivuta kwa haraka mguu unabaki ndani. Akamzungusha. Akamvuta. Akatoka mzima, pembe yake na miguu yake yote, mkubwa hata watu wakajiuliza kichwa cha mzee kilikuwa kimebaki na nafasi ya nini.

Kama angemtupa, ingekuwa nafuu. Lakini mazoea hayana adabu. Mikidadi alimlaza kwenye jani la mgomba, akamfuta, akaanza kumnyoosha miguu, mmoja mmoja, jozi kwa jozi, kama alivyofundishwa.

"Unamfanyaje?" aliuliza Mwanaheri, aliyekuwa ametoka chumbani.

"Akikauka hivi atavunjika," alisema Mikidadi.

Mwanaheri akakimbilia migombani.

Hatibu aliinuka, akatikisa kichwa. Akasikia kijito. Akasikia kuku. Akasikia ukoo wake uani wakinong'ona habari za harufu, za tangu masika, na nani alikataa kukaa karibu naye siku ya Idi. Akaingiza kidole cha shahada sikioni kuhakikisha kama kweli ni peupe. Akakizungusha. Akakitoa, akakitazama, akakifuta kidogo kwenye shuka.

Halafu kwa kidole kilekile na gumba lake akaichukua firigisi, akaipasua katikati, akamnyooshea Mikidadi nusu.

"Nimekusikia vizuri zaidi sasa," alisema. "Wao wakuchukie. Mimi nitakuchukia vipi, na kitu chenyewe kilikuwa changu? Kula, mwanangu."

Basi hapo ndipo Mikidadi alipopatikana. Nusu ya firigisi ilikuwa mbele ya mdomo wake, na juu ya mafuta ya kuku palikuwa na mafuta mengine, meusi kidogo. Hakuna mtu Kinole aliyejua kuliko yeye kilichokuwa pale, kimetoka wapi na kina umri gani. Tumbo lake, lililokwisha kuzoea nyani na popo, likaamka likakumbuka siku za kwanza. Alipekua kila alichofundishwa, visu, sindano, sumu, pamba, debe. Kila kazi aliyopewa ilikuwa ya kushika. Hakupewa hata moja ya kumeza.

"Anasita," alisema mtu uani.

"Hasiti," alisema Yunusi, ambaye sasa alikuwa amevua viatu tena. "Anashukuru kimoyomoyo."

Mwanaheri alikuwa amerudi, amesimama kando ya nguzo, anajifuta mdomo kwa upande wa kanga. Alimtazama tu usoni, aone kama atakula.

Mikidadi akafungua mdomo. Mjomba akamlisha. Akatafuna, maana firigisi haimezeki bila kutafunwa, na hiyo ndiyo dhuluma ya firigisi. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Watu wa ng'ambo walipiga kelele kuuliza amekula au hajala, na ukoo ukawaambia wanyamaze. Akatafuna tena. Koo likapanda, likashuka, likapanda. Kisha likashuka likatulia.

"Amekula," alisema Bi Mosi. "Nani kama mume wangu."

Hatibu akala nusu yake, kwa hamu, akarudia na paja. Wengine wote walikataa kulisogelea sinia lile, likawa la watu wawili, na Yunusi akasema amefunga sunna.

Jioni Mwanaheri alimsindikiza Mikidadi mpaka mwisho wa migomba. Alitembea upande upepo unakotokea.

"Nitakuja kwako," alisema. "Lakini sikiliza. Kuku utanichinjia na hutamgusa zaidi ya hapo. Panya akiingia nyumbani, ninamfukuza mimi. Na mdudu wa mjomba unayemficha kwenye kofia, mtupe sasa hivi nikiona."

Mikidadi akavua kofia, akamtoa, akamtazama kidogo, miguu imenyooka vizuri yote. Akamtupa mgombani.

"Sasa nenda kaoge," alisema Mwanaheri.